Aliyeitika Hakuwa Zuwena

Wadogo zangu mnaoanza kazi,

Daftari la kijani nililowaachia pale kituoni ni safi kuliko daftari lolote mtakaloliona Wawi. Mistari nimeipiga kwa rula, herufi zimelingana. Nilipokosea nilikuwa nikiunakili ukurasa mzima upya, na ule wa zamani nikiwashia jiko. Ukurasa mmoja tu umechafuka. Una alama mbili za vema nilizozikata kwa wino mwekundu, na pembeni nimeandika: "Si kweli. Sikutazama." Nawaomba msiuchane huo ukurasa.

Najua mtacheka kusikia najiita mstaafu na miaka thelathini na nne. Chekeni tu. Miaka kumi na mbili nimezunguka nyumba za Wawi kama mhudumu wa afya wa kujitolea, nikipima uzito wa watoto, nikisoma maswali ya kadi ya makuzi, nikiwakumbusha akina mama siku za chanjo. Sasa mama yangu kule Makangale hawezi tena kukaa peke yake, na mimi ndiye binti yake wa pekee. Begi nimerudisha, mizani nimerudisha. Kama huko si kustaafu, nitafutieni neno jengine.

Sikusomea kazi hii. Tulipewa mafunzo ya siku chache, chai na maandazi, kisha tukaambiwa tuingie mitaani. Mengine nilijifunza mwenyewe, kwa vipeperushi, kwa vitabu vya manesi nilivyoazima, kwa video za simu nilizozitazama mara tatu tatu huku nikiandika. Mtu anayejifunza mwenyewe ana hofu moja isiyomtoka: kwamba siku moja watu watagundua hajui. Mimi hofu hiyo niliificha ndani ya usafi wa daftari. Nilidhani mistari ikinyooka, na kazi imenyooka.

Bi Mize aliliona hilo wiki ya kwanza. Bi Mize ni mkunga mstaafu, ndiye aliyenifundisha kutembea na kazi hii. Siku hiyo tumetundika mizani kwenye boriti la baraza, mtoto ananing'inia ndani ya kibwaya, ile suruali ya kitambaa ya kupimia, na mshale unacheza kati ya vistari viwili. Nikamtoa, nikamrudisha. Nikamtoa, nikamrudisha. Mara ya tatu mtoto akanikojolea, kuanzia bega mpaka kiatuni.

"Haya, sasa kapungua," Bi Mize akasema. "Andika upya."

Baraza zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Tulipokuwa njiani akaniambia, "Riziki, mtoto si dhahabu. Wewe wautazama mshale, mie namtazama mtoto. Yule macho yake yameng'aa, miguu yarusha mateke, kashiba. Mshale ungeniambia nini zaidi?"

Nilimwelewa kwa masikio tu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwa macho, na aliyelipia kuchelewa kwangu ni mtoto wa watu.

Mtoto huyo ni Zuwena. Mama yake, Saada, ametupa ruhusa mimi na nyinyi kulitaja jina lake. Alisema, "Waambie. Asije mwengine akaambiwa asubiri."

Nilifika kwao Zuwena akiwa na mwaka mmoja na nusu. Bibi yake mzaa baba, Bi Hadia, alikuwa amempakata barazani, Saada anafua uani. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni, nikaweka daftari mapajani na rula juu yake. Swali la kwanza la kadi: je, mtoto hugeuka au huitika akiitwa jina?

"Zuwena!" nikaita, huku nikipiga mstari.

"Abee!" kikajibu kisauti chembamba.

Nikatia alama ya vema.

Swali la pili: je, huonyesha kwa kidole kitu anachokitaka? "Zuwena, taa iko wapi?" nikauliza.

"Taa ileee!"

Nikanyanyua macho kidogo nikaona kidole cha mtoto kimeelekea juu kwenye taa. Vema nyengine. Sikuona kwamba mkono wa bibi ndio ulioushika ule mkono mdogo ukauinua.

Nyinyi ni watu wa hapa, hamtahitaji nieleze sana. Kwetu mtoto mdogo husemewa. Ukimwambia "Hujambo?", aliyempakata ndiye anayekaza sauti ya kitoto: "Sijambo, shikamoo!" Nawe unamjibu "Marahaba" huku unamtazama mtoto, kana kwamba ndiye aliyesema. Ni mapenzi, ni kumtia adabu kabla hajaijua. Nimelelewa hivyo na wala siilaumu desturi hiyo. Lakini mwenye kadi mkononi anatakiwa kujua ni kinywa gani kimefunguka. Mimi nilikuwa nikitazama rula.

Nilipokuwa naondoka Saada alinisindikiza mpaka njiani, mikono bado ina povu la sabuni.

"Riziki, mwanangu mbona kimya? Binti wa jirani ni mdogo kwake, lakini asema mama, asema maji. Huyu hata hanitazami usoni."

Nikamjibu kama mtaalamu. "Watoto hawalingani, Saada. Si wasema hata baba yake alichelewa kusema? Na mtoto wa kike ana haya. Subiri kidogo."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini, na mimi ndiye mwenye daftari?

Alisubiri mwaka mzima. Kila nikipita watu wanamsifu Zuwena: mtoto mtulivu, hana fujo, wa kiume angekwishavunja vikombe vyote. Na kila nikiita, "Abee" inakuja, nami napita.

Msimu wa karafuu ndio ulionifichua. Bi Hadia alikwenda Konde kwa binti yake mwengine kusaidia kuchambua, akakaa huko wiki tatu. Katikati ya wiki hizo nikapita. Zuwena alikuwa peke yake kwenye jamvi uani, mgongo amenipa, anapanga makonyo, vile vikonyo vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambua. Alikuwa akiyapanga moja baada ya jengine, vichwa vyote upande mmoja, kuanzia pembe hii ya jamvi mpaka ile. Nasema kweli, mstari wake ulinyooka kuliko wangu wa rula. Nikafurahi kwanza. Nikasema, huyu mwenzangu.

"Zuwena!" nikaita.

Kimya.

"Zuwena! Zuwena, ni mie Bi Riziki!"

Hakugeuka hata sikio. Nikapiga makofi. Aliendelea na makonyo yake. Nikadhani hasikii kabisa. Mara Saada huko jikoni akakaa kwenye mbuzi akaanza kukuna nazi, kwaru, kwaru, na mtoto akaruka kama aliyeitwa na sultani. Akanipita bila kunitazama, akaenda kuchutama mbele ya sahani, macho kwenye ile nazi nyeupe inavyoanguka.

Nilisimama pale uani na daftari langu safi. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza: mwaka wote huu, nani aliyekuwa akiitika?

Ningeweza kunyamaza. Naungama kwamba nilifikiria hilo, na kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ningeweza kusema, "Saada, nimeona mabadiliko, twende hospitali," na asingejua. Badala yake nikakaa chini jikoni nikamfungulia daftari. Nikamwonyesha zile alama mbili na nikamweleza zilivyopatikana.

Saada aliacha kukuna.

"Mwaka mzima, Riziki," akasema. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Mie nilikuuliza. Njiani pale nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na nilijua. Moyo wangu ulijua, nikauambia unyamaze kwa sababu wewe umesoma."

Hata sikusoma, nilitaka kumwambia. Nikasema tu, "Nisamehe. Na kesho asubuhi nitakuja tumpeleke."

Akamtazama mtoto wake, ambaye alikuwa akiugusa mkono wake uliosimama, anataka uendelee kukuna. "Njoo mapema," akasema. "Tena bila daftari."

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Neno "subiri" si letu kulitoa. Mama akisema mtoto wake haitiki, haonyeshi kwa kidole, hasemi, au alikuwa na maneno yakapotea, andika maneno ya mama kwanza kabla ya maswali yako, kisha mpeleke. Ikiwa ni bure, mmepoteza asubuhi moja. Na msiupe ugonjwa jina, nyinyi si madaktari. Semeni mlichokiona: "Nilimwita mara tatu hakugeuka." Basi.

Hospitalini mjini Chake walimpima masikio kwanza. Yalikuwa mazima. Daktari akatuuliza maswali mengi, akakaa chini na Zuwena, kisha akatuambia anaona dalili za usonji, na kwamba mtoto aonwe na mtaalamu wa usemi Unguja. Alituambia pia jambo ambalo Saada alilirudia njia nzima ya kurudi: miaka miwili na nusu bado ni mapema, na ubongo wa mtoto bado unajijenga.

Nyumbani tukakutana na Khamis, baba wa Zuwena, fundi wa pikipiki. Alikuwa na spana mkononi na hakuiweka chini.

"Usonji ndio nini? Mwanangu hana wazimu."

"Hakuna aliyesema wazimu," nikamwambia.

"Nitamtengenezea kombe, anywe siku saba. Hatupandi meli mie na mwanangu kwenda kuchekwa Unguja."

Nikafanya kosa langu la pili kubwa: nikabishana. Nikatoa vipeperushi, nikamsomea. Nikasema maji ya kombe, yale yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, hayafundishi mtu kusema. Khamis akaniangalia kama mtu aliyetukanwa ndani ya nyumba yake, na kwa kweli nilikuwa nimemtukana. Akaniambia kwa upole wa kutisha, "Dada, jioni njema."

Nikamkimbilia Bi Mize. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anasonya, akajifunga kanga, tukarudi wote wawili.

"Khamis baba," akasema baada ya salamu zote, na salamu za Bi Mize si fupi, "kombe la mtoto lishaandikwa?"

"Bado, Bi Mize."

"Liandikwe. Ni maneno ya Mungu, yatamdhuru nini? Mpe anywe, siku saba. Ya nane mpandisheni meli. Kwani kombe lasema mtoto akilinywa asipande meli?"

Khamis akacheka bila kutaka. "Halisemi."

"Na pikipiki ikija kwako haiwaki, wewe husoma dua kisha ukaifungua, au huiombea tu ukaiacha?"

"Naifungua, Bi Mize."

"Basi."

Walikwenda Unguja wote watatu, mtoto na wazazi wake. Jifunzeni hapo. Bi Mize hakumnyang'anya baba kitu chake. Aliongeza chake juu. Ni mimi niliyedhani lazima mmoja ashindwe.

Mtaalamu wa Unguja alisema maneno machache kuliko nilivyotarajia, na Saada akanirekodia yote kwenye simu. Kaeni chini, muwe sawa na macho yake. Fuateni anachokipenda yeye. Kianzisheni, kisha simameni, mngoje. Hesabuni mpaka kumi kimoyomoyo. Akitazama, akigusa, akitoa mlio wowote, hiyo ni kauli yake, mjibuni palepale. Na msimsemee.

Mngedhani hapo nimeshapona. Wapi! Nilikaa siku nne nikachora kadi ishirini na nne, maji, embe, kikombe, kuku, nikazipaka rangi, nikazifunika kwa nailoni. Nikatengeneza ratiba ya wiki. Nikawa naenda kila siku na begi, namkalisha Zuwena mbele yangu: "Sema maji. Zuwena, sema ma-ji." Akigeuka, namgeuza. Nilitaka nilipe ule mwaka wote kwa mwezi mmoja.

Siku ya tisa Saada alinizuia mlangoni.

"Bi Riziki, kadi zako nzuri, sina neno. Lakini mtoto akisikia viatu vyako anaingia mvunguni."

Niliziona nyayo zake ndogo pale chini ya kitanda. Nikaenda nyumbani nikalia, halafu, mkiniruhusu kusema ukweli wote, nikazipanga zile kadi upya kwa herufi.

Wakati huo Bi Hadia amesharudi kutoka Konde na ameambiwa yote. Hakulia mbele za watu, lakini siku moja alinishika mkono jikoni.

"Niambie kweli, mwanangu. Ni mie niliyemfunga ulimi? Kwa kumsemea?"

"Si wewe, Bi Hadia. Daktari kasema kazaliwa hivyo. Wewe ulimpenda. Mimi ndiye niliyetakiwa kutazama."

"Basi nifanye nini, na mimi kusema ndiyo kazi niliyoizoea?"

Nikamweleza habari ya kusimama na kungoja. Akafikiri kidogo, akavuta mbuzi akakaa, akachukua nazi.

Kwaru, kwaru, kwaru. Zuwena akatoka mvunguni akaja kuchutama pale pale anapochutama siku zote. Bi Hadia akasimama. Mkono umetulia, nazi haianguki. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili. Mtoto akaitazama nazi. Tatu, nne. Nilitaka kusema neno, na Bi Hadia vilevile. Nilimwona akichukua ncha ya kanga akaitia mdomoni akaiuma. Saba, nane. Zuwena akainua uso, akamtazama bibi yake machoni.

Nilikuwa sijawahi kuiona rangi ya macho yale.

Bi Hadia akaitema kanga. "Tena!" akasema, akakuna. Kwaru, kwaru. Akasimama tena.

Walikula wali wa nazi nzito sana jioni ile, maana zilikunwa tatu.

Hilo ndilo lililokuwa darasa, kila siku kabla ya chakula. Kadi zangu ziliingia baadaye kwa mlango mwengine: Saada alizibandika ukutani jikoni, na Zuwena akajifunza kumpelekea mama yake ile anayoitaka. Embe ilichakaa kabla ya zote. Kuku hakuguswa.

Kazi ngumu ilikuwa mtaa. Kila anayepita anamsalimia Zuwena, na kila akimsalimia Bi Hadia anauma kanga. Jirani mmoja alimwona hivyo siku tatu mfululizo, ya nne akamletea karafuu za kusukutua.

"Bi Hadia, pole na jino."

"Si jino," akajibu huku kanga bado iko mdomoni. "Namngoja mtu."

Wiki zikapita, miezi ikapita. Kuna siku mtoto alirudi nyuma, akapiga kichwa sakafuni, Saada akanipigia simu hana sauti. Siwafichi. Kisha ikaja adhuhuri moja, mimi sikuwapo. Nimesimuliwa na Khamis, ambaye alikuja mbio mpaka kituoni na grisi mikononi. Bi Hadia amekuna, amesimama, anangoja, na Khamis yuko mlangoni anavua viatu. Kikasikika kisauti. Khamis akamtazama mama yake kwa hasira, akidhani amevunja ahadi. Bi Hadia kanga ilikuwa mdomoni.

"Tena," Zuwena akasema.

Khamis alinieleza hayo mara mbili, kisha akanishika mkono akaujaza grisi. Siku hiyo ndipo nilipofungua daftari langu, nikachukua kalamu nyekundu, nikazikata zile alama mbili. Kwa mara ya kwanza sikuunakili ukurasa.

Sasa Zuwena anakaribia miaka minne. Ana maneno kumi na kitu, ana kadi zake, ana mwalimu wa skuli ya watoto aliyekubali kujifunza namna yake. Usonji haukuondoka wala hatuungojei uondoke. Maneno yake yatafika wapi sijui, na kwa mtu kama mimi kuandika "sijui" kwa wino ni maendeleo.

Juzi nilikwenda kuwaaga. Niliwakuta wote jikoni. Nilimwita Zuwena kwa nyuma, kama kadi inavyotaka, mara moja tu. Hakuna aliyenisaidia. Saada alikuwa anachagua mchele, ametulia. Khamis ametulia. Bi Hadia ncha ya kanga i mdomoni. Nikahesabu. Nilipofika sita nilihisi "Abee" ikinipanda mimi mwenyewe kooni, nikaimeza.

Kwenye tisa akageuka. Alinitazama, akaja, akanishika kidole, akanivuta mpaka kwenye mbuzi. Akachukua kipande cha nazi akanitia mkononi.

"Tena," akasema.

Watu wa Wawi wote wanajua mimi sijui kukuna nazi. Nimejaribu tangu utotoni na haijawahi kutoka nyeupe, kwa hiyo mbele za watu siigusi. Nikakaa, nikakuna. Ilitoka na weusi wa kifuu, vipande vikubwa na vidogo, vyengine vikaanguka nje ya sahani. Bi Hadia aliona yote na kanga yake haikutoka mdomoni.

Nikasimamisha mkono, nikangoja.